RV (gari lenye vitanda na jiko ndani) kwenda hifadhi ya Yellowstone, watu sita, katikati ya Septemba: gari la urefu gani, njia ipi, na umeme tutaupataje?

BintiTanga_MN

Wakuu, salamu kwenu.

Tunatoka Minneapolis kwenda Yellowstone wiki ya pili ya Septemba, safari ya siku kumi na mbili kwenda na kurudi. Tuko sita: mimi na mume wangu, watoto wawili (miaka 8 na 11), na wazazi wangu wanaokuja kutoka Tanga. Baba ana miaka 71 na anatumia dawa za presha. Kambi tumeshapata. Siku tatu za kwanza tutalala Fishing Bridge, yenye umeme, maji na shimo la maji taka palepale unapoegesha. Siku tatu zinazofuata ni Madison, ambako hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Gari bado hatujakodi. Tumepewa uchaguzi wa futi 25 au futi 30, yote ya aina ile yenye kichwa cha Ford E-450 na kitanda juu ya dereva. Mume wangu ana leseni ya kawaida na hajawahi kuendesha kitu kirefu kuliko pikapu.

Ninayotaka kujua: gari lipi tuchukue, tupite wapi, Madison tutaishije bila umeme wakati usiku kuna baridi, maji taka yanamwagwaje, na ndani ya hifadhi tufanye nini ambacho wazee na watoto wote watakiweza. Pia dubu. Mama ameshaanza kuuliza habari za dubu kabla hata hajapata viza.

---

Dereva wa Masafa

Dada, kabla ya urefu hesabu mikanda. Vitanda vinadanganya. Magari mengi ya futi 25 yameidhinishwa kwa watu watano, na wa sita hana mkanda halali wakati gari linatembea. Mwambie wakala akutajie idadi ya mikanda na ni viti vipi vinaangalia mbele, kwa sababu kiti cha nyongeza cha mtoto hakifungwi kwenye kiti kinachoangalia pembeni. Ukipata futi 25 yenye mikanda sita, chukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Usipoipata, ni futi 30, na hapo wapigieni simu wanaoendesha kambi leo hii mbadilishe urefu kwenye nafasi yenu. Nafasi hupangwa kwa urefu mliouandika, na Septemba bado kambi hujaa, kwa hiyo mkifika na futi tano za ziada hakuna wa kuwatafutia pengine.

Kuendesha. Leseni ya kawaida inatosha, uzito wake uko chini sana ya pauni 26,000 ambapo leseni ya kibiashara huanza. Kinachowaponza wageni ni mkia. Nyuma ya ekseli kuna futi nane, kumi, au zaidi za mwili wa gari, na ukikata kona kulia, mkia unatoka kwenda kushoto. Kadirio la kawaida ni futi 1 ya kupepesuka kwa kila futi 3 za mkia. Ndiyo maana pampu za mafuta na vioo vya magari jirani hugongwa wakati wa kuondoka, dereva akiwa anatazama mbele. Toka moja kwa moja mpaka ekseli ya nyuma ipite kizuizi, ndipo ukate. Urefu kwenda juu ni karibu futi 12. Andika namba hiyo kwenye karatasi uibandike mbele ya dereva, maana paa likigonga tawi au kibanda cha benki, bima nyingi za kukodi hazilipi.

Kabla ya kuondoka kwa wakala pimeni upepo matairi yakiwa ya baridi, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Nyuma kuna matairi mawili mawili kila upande. La ndani likipungua upepo hulioni kwa macho, la nje linalibebea mzigo mpaka lipasuke. Pima yote sita kwa kipimo. Kupiga teke hakukuambii kitu.

Njia. Shukeni barabara kuu ya I-35 mpaka Albert Lea, halafu I-90 kuelekea magharibi kupita South Dakota mpaka Buffalo, Wyoming. Hapo ndipo penye uamuzi, kwa kuwa milima ya Bighorn iko mbele na barabara ni tatu: US-14, US-14A na US-16. Chukueni US-16. Inapanda hadi Powder River Pass, mita 2,946, lakini kwa mteremko wa kiungwana. US-14A upande wa Lovell ina mteremko wa asilimia 10 na ndiyo inayochoma breki za RV. Ramani ya simu haijui kama una gari la tani sita, itakupeleka popote panapookoa dakika.

Mkipanda, injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo juu kule imebaki na robo tatu hivi ya nguvu zake. Kelele itakuwa kubwa na mwendo mdogo. Ni kawaida, msiitese. Mkishuka, bonyezeni kitufe cha Tow/Haul mwishoni mwa gia kabla ya mteremko kuanza, ili gia ndogo ishike gari. Breki kanyaga kwa nguvu sekunde chache, punguza mwendo, achia kabisa zipoe, halafu rudia. Kuegemeza mguu kwenye breki njia nzima ndiko kunakozichemsha. Ukisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, tafuta pa kusimama na msizimwagie maji.

Msipange zaidi ya maili 400 hivi kwa siku. Chamberlain siku ya kwanza, Buffalo ya pili, Cody ya tatu. Kulala Cody kuna sababu nyingine: mji uko kama mita 1,500, na Fishing Bridge iko karibu mita 2,360. Kwa mzee aliyetoka usawa wa bahari, ngazi hiyo ya katikati ina maana. Aongee na daktari wake kuhusu dawa kabla ya safari, na siku ya kwanza juu asipande kilima chochote.

Mafuta: gari hili linakula galoni moja kwa maili 8 hadi 10. Jumla yenu itakuwa karibu maili 2,300, wekeni bajeti ya galoni 250 hadi 280. Mkirudi kwa kaskazini kupitia Gardiner na Livingston, jihadharini na upepo wa pembeni pale Livingston kwenye I-90. Kukiwa na tangazo la upepo kwa magari marefu, subirini. Ukuta wa gari hili ni tanga.

---

FundiStima

Nitajibu ya stima na maji, hayo mengine yana wenyewe.

Anzeni na Fishing Bridge kwa sababu ni rahisi. Nguzo ya stima ina tundu la ampea 50 na la ampea 30. Gari la kukodi la saizi yenu kwa kawaida lina plagi ya ampea 30, yaani wati 3,600 kwa jumla. Mikrowevu inachukua kama 1,500, birika la umeme 1,500, hita ya maji ikiwa kwenye umeme 1,400 na kitu. Vitatu pamoja vinaangusha swichi. Chai ichemshwe kwa gesi, basi. Kabla ya kuchomeka, zima swichi ya nguzo, chomeka, kisha washa. Ukichomeka ikiwa hai unaunguza ncha za plagi kidogo kidogo mpaka siku moja inayeyuka.

Sasa Madison. Hesabu ya usiku mmoja wa baridi ni hii. Hita ya gari inachoma gesi, lakini feni yake inatumia ampea 7 hadi 9 za betri. Septemba kule usiku hushuka chini ya sifuri mara nyingi. Chukulia hita inazunguka saa 4 kati ya 10 za usiku: saa 4 mara ampea 8 ni 32. Kadi ya friji (saketi inayoiongoza), kihisi cha gesi, taa mbili tatu na pampu ya maji, ongeza 12 hadi 15. Jumla ni kama ampea-saa 45. Betri ya kawaida ya risasi na asidi yenye alama ya 100 inakupa 50 tu za kutumia, ukiishusha chini ya hapo unaiua. Kwa hiyo betri moja nzima ni usiku mmoja, na ikiwa ya zamani haifiki alfajiri. Saa kumi usiku hita inaanza kubofya bila kuwaka na watu wanasema gesi imeisha. Gesi imejaa. Betri ndiyo haina nguvu ya kuzungusha feni, na bila feni hita haijiruhusu kuwaka.

Kwa hiyo: wekeni hita nyuzi 14 au 15 usiku, mablanketi ya kutosha, na ulizeni wakala gari lina betri za nyumba (za taa na hita, si ya injini) moja au mbili. Mbili ndiyo mnataka. Kila siku betri irudishiwe. Jenereta Madison inaruhusiwa saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku tu, na isizidi desibeli 60. Ikimbizeni kwa masaa mawili asubuhi na lisaa limoja na nusu jioni, kabla muda haujaisha. Kuendesha gari nako kunachaji, lakini nusu saa ya barabarani hairudishi usiku mzima.

Mambo mawili ya jenereta ambayo watu hupigia simu bure. La kwanza, inanyonya petroli kutoka tanki la gari lenyewe, na bomba lake limekatwa juu ya sakafu ya tanki makusudi, ili usije ukabaki porini bila mafuta ya kuondokea. Tanki likishuka chini ya robo, jenereta inazima. Haijaharibika. La pili, kama ni ya kabureta, ina kirekebisho cha mwinuko. Ukiiacha kwenye usawa wa chini ukiwa mita 2,000 na zaidi, inameza mafuta mengi kuliko hewa, inatoa moshi mweusi na plagi ya cheche inaziba kwa masizi. Zenye mfumo wa sindano hujirekebisha zenyewe. Muulize wakala yenu ni ipi.

Gesi haitawasumbua. Galoni moja ya propani ina karibu BTU 91,500 (BTU ni kipimo cha joto), hita ya BTU 30,000 inaimaliza kwa saa tatu za kuwaka mfululizo. Mtatumia galoni moja na robo au moja na nusu kwa usiku. Kupasha nyumba kwa moto wa jiko, kamwe. Mkipika fungueni kitundu cha paa na dirisha kidogo, na msizime king'ora cha kaboni monoksidi kwa sababu kinalia mkikaanga.

Friji: kama ni ile ya kutumia gesi, haipendi gari lililolala upande. Kimiminika ndani yake kinashuka kwa uzito wake chenyewe, gari likiinama sana kinasimama na friji inaacha kupoza huku taa ikionyesha iko kazini. Pimamaji ndogo ya dola chache sakafuni, vipande vya mbao au plastiki chini ya magurudumu ya upande ulioinama, mpaka kiputo kikae kati. Iwasheni siku moja kabla ya kupakia nyama, na nyama iingie ikiwa imeganda tayari.

Maji. Tanki la maji safi huwa galoni 35 hadi 45, tanki la maji ya sinki na bafu kama 30, la choo kama 30. Kwa watu sita Madison, linalojaa kwanza ni la sinki na bafu. Madison haina bafu za kuogea, kwa hivyo mtaogea ndani: lowa, funga maji, jipake sabuni, jisuuze. Galoni mbili kwa mtu. Vyombo vipanguseni kwa karatasi kwanza, mafuta ya nyama yakishuka kwenye tanki yananuka safari nzima.

Kumwaga maji taka si kazi ya kutisha, lakini mpangilio wake haugeuzwi. Vaa glavu. Hakikisha valvu zote mbili zimefungwa ndipo ufungue kifuniko. Unga bomba kubwa kwenye gari kwanza, kisha upande wa pili uingize shimoni na uukandamize kwa jiwe au mguu. Vuta valvu ya choo, ile kubwa ya inchi 3. Subiri mpaka iache kutoa sauti. Mwaga ndoo mbili za maji chooni, acha zitoke, funga. Sasa ndipo ufungue valvu ya maji ya sinki, hayo ndiyo yanaosha bomba. Ukianza na ya sinki unabaki na bomba chafu mkononi. Ukimaliza, rudisha ndoo moja ya maji na dawa kwenye tanki la choo.

Kosa kubwa linafanyika Fishing Bridge hasa, kwa sababu bomba linakaa limeungwa muda wote: mtu anaacha valvu ya choo wazi akidhani anajirahisishia. Maji yanatangulia, kigumu kinabaki na kukauka mlima chini ya choo. Ifungeni, mfungue tanki likifika theluthi mbili. Na kipimo ukutani kikisema kuna theluthi baada ya kumwaga, ni karatasi imenata kwenye kihisi. Msihangaike nacho.

Mpira wa maji ya kunywa uwe wake peke yake, usikutane na vifaa vya choo hata kwenye sanduku moja. Usiku wa baridi uchomoeni: jazeni tanki, tumieni pampu. Ukiuacha nje asubuhi una fimbo ya barafu, na kiungio cha plastiki kimepasuka.

---

Mzururaji

Fundi kamaliza, niongeze ya ndani ya hifadhi.

Barabara kuu imechora namba nane yenye maili 142. Kikomo ni maili 45 kwa saa, lakini hesabuni wastani wa 25, kwa sababu baisani (nyati wa Amerika) wakiamua kutembea kwenye lami hakuna wa kuwaharakisha. Msipige honi. Kutoka Fishing Bridge hadi Canyon ni maili 16, Canyon hadi Norris 12, Norris hadi Madison 14, Madison hadi Old Faithful 16. Mpango wenu wa kambi mbili umekaa vizuri, kila kambi ifanye upande wake na msirudie njia.

Vijibarabara vya kutoingia na RV: Upper Terrace Drive kule Mammoth, Blacktail Plateau, na Firehole Canyon Drive. Dunraven Pass kati ya Canyon na Tower inapitika, ila ni nyembamba, ina mabonde pembeni, na kwa dereva wa mara ya kwanza mwenye futi 30 sioni faida. Bonde la Lamar ni pazuri kwa mbwamwitu, waliorudishwa hifadhini 1995, lakini kutoka kwenu ni mbali. Hayden Valley iko hapo hapo kati ya Fishing Bridge na Canyon, amkeni kabla ya jua mkaegeshe kwenye kituo kikubwa cha pembeni. Baisani hawakosekani, dubu wa kijivu wapo, darubini mbebe.

Maegesho ndiyo maumivu. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Norris na Midway, yale maeneo ya chemchemi za moto, hazina pa kuweka RV. Jibu la haraka la watu ni nendeni alfajiri. Kwa Norris sawa. Kwa Grand Prismatic, ile dimbwi kubwa la rangi, alfajiri ya Septemba utaona mvuke mtupu, hewa baridi inaufunika wote. Nendeni saa kumi na moja jioni, magari yakianza kuondoka na jua bado lipo. Kuiona kwa juu, egesheni Fairy Falls, kutoka hapo ni kama kilomita moja mpaka jukwaani, na mwisho kuna kapandio kafupi. Watoto wataruka, babu aende taratibu au abaki chini kwenye njia ya mbao ya Midway, ambayo ina kapandio mwanzoni kisha ni tambarare.

Old Faithful ina maegesho makubwa, haina shida. Chemchemi yenyewe hurusha maji moto kila dakika 90 hivi, na muda unaokadiriwa hubandikwa kwenye kituo cha wageni, ukiwa na nafasi ya dakika 10 kabla au baada. Canyon nendeni Artist Point: hatua chache za lami na maporomoko ya mita 94 yako mbele yenu. Ile njia ya Brink of the Lower Falls waiachie vijana, kushuka ni rahisi na kupanda ndiko kuna bei, tena kwenye mwinuko ule.

Njia za mbao asubuhi huwa na barafu nyembamba, viatu vya soli yenye meno. Na asitoke mtu nje ya mbao hata kuokota kofia. Ardhi inaonekana ngumu kumbe ni ganda, chini kuna maji yanayochemka. Waliokufa kwa kuungua tangu hifadhi ianzishwe 1872 wamepita ishirini. Najua Bogoria kule Kenya wageni wanachemsha mayai kwenye maji moto. Hapa ni kesi mahakamani, na kuna watu walishitakiwa kwa kupika kuku.

Sasa dubu wa mama. Mita 91 kutoka kwa dubu, mbwamwitu na puma, mita 23 kutoka kwa wanyama wengine wote. Kwa takwimu za hifadhi yenyewe, baisani ndiye anayeumiza watu wengi kuliko mnyama mwingine, na anakimbia kilomita 56 kwa saa. Septemba kuna na elki, wale kulungu wakubwa, madume yako kwenye kipindi cha kugombania majike. Mammoth wanaingia mpaka kwenye bustani za ofisi na kushambulia magari. Mwambie mama baisani na elki ndio wa kuwaogopa.

Kwa matembezi, kopo moja la dawa ya kupuliza dubu kwa kila watu wazima wawili, kiunoni, isiwe ndani ya begi. Inafika mita 7 hadi 9. Dubu akija, elekezeni chini kidogo mbele yake ili aingie kwenye wingu lenyewe. Haipakwi mwilini wala kwenye hema kama dawa ya mbu. Haipandi ndege, na isiachwe kwenye dashibodi juani, kopo hupasuka.

Chakula chote, pamoja na dawa ya meno, sufuria chafu na jiko la kuchomea, kiingie ndani ya gari mkiwa hampo au mmelala. Na nyama choma ipangeni Madison. Fishing Bridge hairuhusu moto wa kuni, na hata mahema yamekatazwa pale kwa sababu dubu wa kijivu hupita. Kingine cha kuchekesha, kwenye hilo daraja lenye jina la uvuvi, uvuvi umepigwa marufuku tangu 1973.

---

Kobe Mwendo

Naheshimu mchango wa Mzururaji lakini hapo kwenye kuzunguka na RV kila siku sikubaliani. Futi 30 kutafuta maegesho mara nne kwa siku, na kila mkiondoka mnafunga makabati, mnakunja ngazi, mnachomoa stima na mpira, sufuria zinaingia kwenye oveni. Ni saa nzima asubuhi na mzee anasubiri.

Zile siku tatu za Madison, kodini gari la viti saba mjini West Yellowstone, ni maili 14 tu kutoka kambini. RV ikae kambini imesawazishwa, friji inafanya kazi. Upande wa Old Faithful wote mnaufanya na gari dogo, na Firehole Canyon Drive inafunguka kwenu. Gharama ya kukodi mtairudisha kiasi kwenye mafuta na maili za RV.

Ubaya wake nautaja: RV ikisimama, haichajiwi na injini. Mtategemea jenereta peke yake ndani ya yale masaa yaliyoruhusiwa.

---

BintiTanga_MN

Asanteni sana, hata mume wangu ambaye huwa haamini mitandao ameomba nimtumie hii. Kweli futi 25 ina mikanda mitano, nimepiga simu. Kwa hiyo ni futi 30 na gari dogo Madison.

Mawili yamebaki. Kiingilio kwa wazazi, nimesikia bei za wageni zimebadilika. Na watoto wanataka kuvua samaki na kupanda mtumbwi ziwani, inawezekana?

---

Mzururaji

Kiingilio cha gari ni dola 35 kwa siku saba. Tangu 1 Januari 2026, asiyeishi Marekani mwenye miaka 16 na zaidi anaongezewa dola 100 kwenye hifadhi 11 kubwa, na Yellowstone na Grand Teton zimo. Kadi ya mwaka ni dola 80 kwa mkazi na 250 kwa asiye mkazi. Mkazi anatakiwa kuonyesha kitambulisho cha serikali chenye picha, kwa hiyo leseni zenu na pasipoti za wazazi ziwe mkononi langoni, zisiwe chini ya kitanda. Mkifikiria kushuka hadi Grand Teton, pigeni hesabu ya kadi ya 250 dhidi ya mia mia kwa kila mzazi kwa kila hifadhi, na mwulizeni mhudumu wa lango inawafunika nani kabla hamjatoa pesa.

Uvuvi: kibali cha hifadhi, cha jimbo hakitumiki. Dola 40 kwa siku tatu kwa mwenye miaka 16 na kuendelea, watoto wenu hawalipi. Chambo hai hakiruhusiwi, vizamishio vya madini ya risasi haviruhusiwi, na kile kijino cha ndoano kibanwe kwa koleo mpaka kilale. Kuna sheria mbili zinazopingana ambazo lazima wazijue. Trauti wa asili, mwenye michirizi myekundu chini ya taya, anarudishwa majini akiwa hai. Trauti wa ziwa, mwenye madoa meupe na mkia uliogawanyika, akivuliwa Ziwa Yellowstone lazima auawe, kwa sababu aliletwa na amewapunguza sana wale wa asili. Usiyeweza kumtambua, mrudishe. Mkimsafisha kwa kula, matumbo yasiachwe ufukweni.

Mtumbwi: chombo chako mwenyewe kinahitaji kibali na kukaguliwa viumbe vamizi kabla hakijagusa maji. Ziwa lile ni baridi kiasi kwamba mtu akianguka ana dakika 20 hadi 30, na upepo huamka mchana. Kwa watoto mngeenda na waongozaji wenye leseni, asubuhi, karibu na ufukwe, maboya yamefungwa. Mito ya ndani ya hifadhi hairuhusu vyombo, isipokuwa mfereji kati ya maziwa ya Lewis na Shoshone. Wakitaka maji yanayokimbia, mkitoka kwa kaskazini kuna kampuni za rafu Gardiner kwenye mto Yellowstone nje ya mpaka. Septemba maji yamepungua, mawimbi ni ya wastani, ila nyingi hufunga msimu katikati ya mwezi, wekeni nafasi mapema.

---

Dereva wa Masafa

Mkitokea hiyo Gardiner, jueni kwamba barabara ya zamani ya kando ya mto ilibebwa na mafuriko ya Juni 2022. Mtashuka kutoka Mammoth kwa ile mpya, fupi lakini kali yenye kona. Tow/Haul tangu juu. Na jazeni tanki Gardiner au Livingston, na tena kabla ya kurudisha gari, mwangalie na masaa ya jenereta kwenye mita. Wakala huyahesabu.